Sura ya Nne: Zamu Isiyopokelewa

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya Ijumaa, Elinaja Mfinanga aliegesha gari mbele ya nyumba ya wazee iliyokuwa mwisho wa barabara moja tulivu mjini New Hope. Alikung'uta theluji viatuni, akabonyeza kengele. Aliyemfungulia alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, Erick Kimaro, aliyekuja Minnesota kusoma uhasibu na sasa alikuwa na leseni ya kutunza wazee sita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una muda hadi saa ngapi?"

"Hadi saa kumi na moja jioni. Sheria inanipa saa ishirini na nne tangu nilipopokea malalamiko, na mpwa wa mzee alilalamika jana saa kumi na moja kamili. Muda huo ukifika, ni lazima nipige simu ofisi ya jimbo nitaje jina."

"Jina la nani?"

Erick alitupa jicho upande wa jikoni. "La Peris, mhudumu wangu. Kwani kuna mwingine?"

Elinaja alifungua vifungo vya koti. Miaka kumi na minne ya kuishi kwa leseni ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye haraka ya kutaja jina hufaa kuulizwa mwishoni. Alivua koti, akatoa daftari lake, akaomba aanze na chumba.

Kilichopotea kilikuwa mpini wa shaba, urefu wa shubiri moja na ushee, wenye kirungu kilichong'arishwa na viganja vya watu. Mpini wa namna hiyo ulipachikwa juu ya mtambo wa kuendeshea tramu ya umeme, nao ndio ulioongeza na kupunguza mwendo. Ulikuwa mali ya Lenny, mzee wa miaka tisini na minne, aliyeendesha tramu za Minneapolis tangu mwaka 1951 hadi zilipoondolewa mwaka 1954. Baada ya hapo alifanya kazi nyingine kwa miaka arobaini, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akiitaja.

Mpini ulikuwa ukikaa dirishani, juu ya kitambaa cha kijani. Sasa kitambaa kilikuwa pale peke yake, na katikati yake palikuwa na alama iliyobonyea.

Lenny alikuwa ameketi kando ya dirisha, kofia ya udereva kichwani, saa ya mnyororo mkononi. Alimtazama Elinaja kwa utulivu wa mtu anayekaguliwa.

"Nambari yako?" aliuliza.

Elinaja alimwonyesha leseni yake. Mzee aliisoma nambari yote kwa sauti, kisha akatikisa kichwa kuridhia.

"Gari ni zima, Mkaguzi. Breki inavuta kushoto kidogo, lakini nimeshaandika."

"Umeandika wapi?"

"Kwenye ripoti." Alitazama saa yake. "Samahani, niko kazini."

Akageukia dirisha. Nje kulikuwa na uwanja wa theluji na uzio, basi.

Mezani penye mlango palikuwa na kitabu cha wageni. Elinaja alikifungua ukurasa wa Lenny. Tangu mwezi wa Novemba palikuwa na jina moja tu: Harrison, wa chama cha kuhifadhi tramu, aliyefika jana Alhamisi saa saba mchana na kuondoka saa saba na dakika ishirini. Mpwa aliyelalamika aliishi Arizona. Alimtembelea mzee kwa simu ya video, kila Alhamisi jioni, na jana ndipo alipoomba kuonyeshwa mpini.

Kutoka hapo Elinaja alikwenda jikoni. Peris alikuwa akimenya viazi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwenyeji wa Nyamira nchini Kenya, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala.

"Kaa, madam. Nikuwekee chai?"

"Ya rangi, tafadhali."

"Mimi sijaiba kitu. Wacha niseme hivyo kwanza, ndio tuongee vizuri."

"Nimekusikia. Mara ya mwisho kuushika ule mpini ilikuwa lini?"

Kisu kilisimama. "Jumatano."

"Uliushika kwa nini?"

"Yeye ndiye hunipatianga. Kila siku saa tisa nikienda kumlaza kidogo, nampata amesimama mlangoni na kofia yake, ananishikisha kwa mikono miwili. Sasa nitakataa aje? Mzee wa miaka tisini na nne akunyooshee kitu hivyo, na wewe umwambie ati sheria za kazi? Kwetu hiyo ni laana unajitafutia."

"Halafu?"

"Halafu akishalala naurudisha kwa dirisha. Kesho tena, hivyo hivyo."

"Uliandika hilo mahali popote?"

"Niandike aje, madam? Zawadi haturuhusiwi. Wangesema nilikuwa nachukua kila siku, na siku moja nikasahau kurudisha."

Ndivyo hasa ambavyo wangesema, na Elinaja alilijua hilo. Jina likishaingia kwenye orodha ya jimbo ya waliowadhulumu wazee, halitoki. Peris asingemwosha mgonjwa tena katika jimbo hili, na chuo cha uuguzi alichokuwa akikiomba kingemfungia mlango kabla hajabisha.

"Erick anasema jana ulitoka saa nane na nusu, ilhali zamu yako huisha saa moja usiku."

"Nilikuwa na mtihani wa kuingia chuo. Mlango unafungwa saa tisa na robo. Bosi alisema atanishikia."

"Mpini ulikuwepo ulipotoka?"

"Ulikuwa kwa dirisha. Naapa."

"Ulimwona Erick akiingia?"

Peris alichukua kiazi kingine. "Bosi alikuwa amefika."

"Nimeuliza kama ulimwona."

"Bosi alikuwa amefika, madam."

Elinaja alimaliza chai yake. Kisha alimwomba Erick daftari la zamu, akalisoma akiwa amesimama ofisini, chumba kidogo chenye mlango wa nusu ulioishia kiunoni. Maandishi yalikuwa safi: Peris ametoka saa nane na nusu, Erick ameingia saa nane na nusu. Saa tisa, shinikizo la damu la Lenny: 128 kwa 76, mapigo 71. Alirudi ukurasa mmoja nyuma. Jumatano saa tisa: 128 kwa 76, mapigo 71. Alirudi nyuma miezi mitatu, siku kwa siku, kidole kikiteremka. Hapakuwa na siku nyingine mbili zilizofuatana zilizolingana.

Alinakili tarakimu hizo, akafunga daftari.

"Umeona nini?" Erick aliuliza.

"Mwandiko wako ni mzuri. Wewe ulipoingia chumbani jana, dirishani palikuwaje?"

"Patupu. Saa nane na nusu hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema ni Peris. Nampenda yule binti, dada, tunasali kanisa moja. Lakini mpini hauna miguu."

"Na Harrison?"

Uso wa Erick ulichangamka kidogo. "Huyo naye aliutaka sana. Peris aliniambia alikuwa anaubembeleza kama mtoto."

Elinaja alikula mkate wake garini, injini ikiunguruma, kisha akaelekea kusini hadi kwenye maziwa ya Minneapolis. Banda la tramu lilikuwa katikati ya miti isiyo na majani, na njia nyembamba iliyochimbwa kwenye theluji ilionyesha nyayo za mtu mmoja: kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Harrison alikuwa na miaka sabini na sita. Alifungua mlango kabla Elinaja hajabisha.

"Umekuja kwa ajili ya tramu?"

"Kwa ajili ya mpini."

"Ingia hata hivyo. Nina kahawa."

Ndani mlikuwa na tramu moja ya manjano, yenye madirisha mapana na viti vya mianzi iliyosukwa, vyuma vyake vikinuka mafuta. Tramu hiyo ilitembea majira ya joto tu, kwa kipande kifupi cha reli. Miezi mingine yote Harrison alikuja peke yake kufuta vumbi.

"Zilijengwa hapa hapa Saint Paul, katika karakana ya kampuni yenyewe," alisema, akimimina kahawa bila kuulizwa kama inatakiwa. "Asubuhi ungepanda Stillwater kule mashariki, mchana ukateremka ziwa Minnetonka na kikapu chako cha chakula. Mjini Saint Paul zilipita chini ya kilima, kwenye handaki la Selby, na watoto walipiga kelele gizani kila mara, hata waliopita jana yake. Mwezi wa Juni 1954 zikasimama. Baadhi ziliuzwa Mexico City. Nyingi zilichomwa moto, moja baada ya nyingine. Nilikuwa na miaka mitano. Baba alinibeba mabegani nione ya mwisho ikipita."

Elinaja alimwacha amalize. "Jana uliuomba mpini wa Lenny."

"Niliuomba. Tramu hii ina mpini wa kuazima. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza nambari yangu ya udereva. Nikasema sina. Akasema, 'Basi wewe ni abiria. Keti.' Nikaketi." Harrison alicheka, kisha kicheko kikamfia. "Niliketi dakika ishirini. Aliniendesha hadi kituo cha mwisho, akaniambia nishuke kwa uangalifu."

"Hukuuchukua?"

"Mama, mpini hauchukuliwi. Unapokelewa. Mwenye mpini ndiye mwenye gari. Dereva anayemaliza zamu humsubiri mwenzake mahali pa kupokezana, akamkabidhi mkononi, akamwambia hali ya gari, akashuka. Kuuacha mpini kwenye gari lisilo na dereva lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi."

Kalamu ya Elinaja ilisimama. "Na mpokezi asipokuja?"

"Hushuki. Unazunguka tena."

"Asipokuja kabisa?"

"Unazunguka hadi uchoke, halafu unalirudisha gari bohari, unaukabidhi mpini kwenye dirisha la karani pamoja na ripoti yako." Alimtazama akifunga daftari. "Unaondoka? Sijakuonyesha breki."

"Nitarudi wakati wa joto."

"Wote husema hivyo," Harrison alisema kwa upole, akamfungulia mlango.

Elinaja aliporudi New Hope ilikuwa saa tisa kasoro dakika saba. Alimkuta Peris koridoni, blanketi mkononi, akienda kumlaza mzee kama ilivyo ada.

"Leo usiende," Elinaja alisema.

"Aje?"

"Rudi jikoni, ukae. Erick, nawe kaa ofisini, usitoke wala usiseme. Nataka iwe kama jana: saa tisa ifike, na asitokee mtu."

Aliketi kwenye kiti cha koridoni, saa yake juu ya goti. Ilipotimu saa tisa kamili, mlango wa Lenny ulifunguka. Mzee alisimama kizingitini, kofia kichwani, ngumi ya kuume imefumba kitu kisichokuwemo. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Alisubiri dakika sita. Kisha akaanza kutembea.

Nyumba ile ilijengwa ikizunguka ua mdogo, hivyo korido yake haikuwa na mwisho: kutoka vyumbani hadi sebuleni, sebuleni hadi chumba cha chakula, kupita ofisini, na kurudi vyumbani. Lenny aliifuata polepole. Penye kila kona alisimama, akakanyaga sakafu mara mbili kwa kisigino, kama dereva anayepiga kengele ya tramu kwa mguu, akangoja watu wapande. Hapakuwa na watu. Akaendelea. Mzunguko wa kwanza ulichukua dakika kumi na nane.

Katika mzunguko wa pili Peris alitokea mlangoni pa jikoni, machozi yakimtiririka.

"Madam, wacha nimpokee tu. Naomba. Ni mzee."

"Bado, Peris."

"Anangoja mtu!"

"Najua. Na jana alingoja. Nataka nijue alingoja kiasi gani."

Mzunguko wa tatu ulipokwisha, mzee hakurudi chumbani. Alisimama mbele ya ofisi, akaegemea ule mlango wa nusu, akatoa mfukoni kipande cha karatasi na penseli, akaandika. Ukutani, usawa wa bega lake, palikuwa na sanduku la mbao lenye mdomo mpana wa kupitishia bahasha. Alikitumbukiza kile kikaratasi, akainama kidogo kwa heshima, akaenda zake kulala. Saa ya Elinaja ilionyesha saa kumi na dakika tatu.

Peris alimkimbilia na blanketi. Elinaja alimgeukia Erick, ambaye alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka lile sanduku.

"Hili ni la nini?"

"La maoni. Wazee na jamaa zao waandike malalamiko. Jimbo lilitulazimisha kulitundika."

"Ulilifungua mara ya mwisho lini?"

Erick alilamba midomo. "Nani ataandika, dada? Mpwa yuko Arizona."

"Ufunguo."

Alihangaika na fungu lake la funguo hadi akaupata, ungali na plastiki ya dukani. Kifuniko kilipoachia, kitu kizito kilibingirika ndani. Elinaja alivaa glavu, akautoa mpini wa shaba, akauweka mezani. Erick alishusha pumzi kwa nguvu, akajishika kichwa.

"Bwana asifiwe! Basi limekwisha. Nitampigia mpwa sasa hivi, tucheke, kila mtu aende nyumbani."

"Ngoja."

Chini ya mpini kulikuwa na vikaratasi, vimekatwa mraba kutoka migongo ya orodha za chakula. Elinaja alivihesabu: sitini na vitatu. Alivipanga kwa tarehe. Vyote viliandikwa kwa mkono uleule unaotetemeka, kwa mpangilio uleule. Gari: zima. Breki: inavuta kushoto. Abiria: hakuna. Mpokezi, isipokuwa jana na leo: amefika, na saa aliyofika. Siku baada ya siku, tangu Desemba, abiria hakuna, abiria hakuna. Alhamisi ndiyo pekee iliyotofautiana. Abiria: mmoja, ameshushwa salama.

Peris alikuwa amerudi, akisoma juu ya bega la Elinaja. "Kumbe nikishamlaza huwa anaamka kuleta hizi," alinong'ona. "Nikidhani anaenda msalani."

Elinaja aliweka daftari la zamu kando ya vikaratasi, akalinganisha saa alizoandika Lenny na saa za dawa alizotia sahihi Peris. Mzee hakuruka hata siku moja. Tofauti kubwa aliyoipata ilikuwa ya dakika mbili. Ndipo alipokisoma kikaratasi cha Alhamisi hadi mwisho, kwa sauti.

"'Saa tisa, mpokezi hajafika. Nimezunguka mara tatu. Vituo vyote ni vitupu, ofisi haina karani. Saa kumi na dakika tano nimekabidhi mpini. Saa kumi na dakika kumi, msimamizi ameingia kwa mlango wa mbele.'" Alikiweka mezani. "Msimamizi ni nani, Erick?"

"Huyo mzee anadhani yuko mwaka 1953!"

"Mwaka amekosea. Saa hajakosea siku nyingine zote sitini na mbili. Na wewe ulipima shinikizo la damu saa tisa, likawa lilelile la Jumatano hadi pigo la mwisho la moyo. Hukupima. Ulinakili."

Erick alifunga mlango wa nusu, kana kwamba ungemficha. Aliongea kwa sauti ya chini. "Dada Elinaja. Sisi ni watu wa nyumbani. Wewe Same, mimi Rombo, tunauona mlima mmoja. Mpini umepatikana. Kwa nini tuendelee kuchokonoa? Wazee sita saa moja na dakika arobaini bila mtu, unajua maana yake? Watafunga nyumba."

"Leo asubuhi ulikuwa tayari wamfunge huyu."

"Niliamini ameuchukua! Haki ya Mungu, niliamini."

"Uliamini kwa sababu ilikufaa. Hukuweza kumuuliza mzee nini kilitokea saa tisa, maana ungelazimika kusema wewe ulikuwa wapi." Elinaja alimgeukia Peris. "Nawe hukumwona akiingia."

Peris alikunja pindo la aproni. "Alisema yuko njiani."

"Njiani," Elinaja alirudia.

"Najua, madam. Mimi nimekua na hiyo njiani. Mtu akikuambia yuko njiani, ndio anatafuta soksi. Lakini mlango wa mtihani unafungwa, na yeye ni bosi, tena ni mzee wa kanisa. Nikatokea mlango wa nyuma nikashika basi. Kwa hivyo hata mimi niliwaacha. Andika hivyo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini. Elinaja aliutia mpini katika mfuko mmoja na vikaratasi katika mwingine, akaandika nambari na tarehe juu ya kila mmoja, kisha akaisogeza simu ya mezani mbele ya Erick.

"Malipo yangu hutanipa leo, maana sitaki iwe umeninunua. Ukipiga mwenyewe, umeripoti. Usipopiga, saa kumi na moja na dakika moja nitapiga mimi."

Erick aliivuta simu karibu. Kutoka vyumbani mzee mmoja alikohoa. Hatimaye Erick alibonyeza namba, akawasha kipaza sauti ili wote wasikie, na mwanamke wa ofisi ya jimbo akaitikia kwa Kiingereza cha mtu aliyechoshwa na Ijumaa. Erick alieleza kwamba mpini umepatikana na hapakuwa na wizi. Kisha, macho yakiwa mezani, akasema kulikuwa na jambo lingine: wazee walibaki peke yao kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi na dakika kumi.

Vidole vilisikika vikipiga chapa upande wa pili.

"Nani alipaswa kuwa zamu?"

"Mimi. Erick Kimaro."

"Na mfanyakazi aliyetangulia aliondoka kabla hujafika?"

"Ndiyo."

"Aliondoka bila kupokelewa, kwa uamuzi wake mwenyewe?"

Peris alifumba macho. Maneno aliyoyasema yeye mwenyewe yalikuwa bado yako hewani mle ofisini, na Erick alihitaji kuyarudia tu. Alimtazama yule binti, akamtazama Elinaja, akainamia simu.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiye niliyempigia. Nilimwambia nimeshaegesha gari, navua viatu mlangoni, atoke tu." Peris alifumbua macho: yeye alikuwa ameambiwa "njiani" tu.

"Ulikuwa umeegesha?" yule mwanamke wa jimbo aliuliza.

"Nilikuwa Maple Grove," Erick alisema. "Nyumbani. Sijavaa hata koti."